Nilivyoajiriwa Kucheka

Siku yangu ya kwanza ya kazi nilikuwa sijaomba kazi. Nilikwenda redioni kupeleka tangazo la kifo cha mjomba wangu wa Butembo, ili ndugu waliotawanyika huku Goma wajue matanga yako wapi. Nikiwa kwenye korido nangoja zamu yangu, fundi mmoja wa kupaka rangi akarudi nyuma kutazama kazi yake na kukalia ndoo. Mungu anisamehe, nilikuwa na msiba lakini nilicheka. Kicheko changu ndivyo kilivyo: kinaanza chini, kinakwama, kinakwama tena kama pikipiki inayokataa kuwaka asubuhi, halafu kinashika na kupanda mpaka juu.

Mlango wa studio ukafunguliwa kwa nguvu. Akatoka Bwana Realizateri, yaani yule anayeongoza mchezo wa redio na kuamua nani aseme nini na lini.

“Nani anacheka? Ile kicheko imeingia mu mikro!”

Nikanyoosha mkono kama mtoto wa shule. Akaniangalia, nguo nyeusi, kitambaa kichwani, tangazo la kifo mkononi.

“Mama,” akasema kwa sauti nyingine kabisa, “unaweza kucheka tena?”

Jioni tangazo la mjomba lilisomwa. Mchana ule wote mimi nilikuwa studioni nacheka.

Nyinyi vijana mnaotengeneza michezo kwa simu hamtaelewa kazi hiyo. Leo kicheko mnakitoa kwenye mashine. Sisi tulikuwa na “darasa”. Ndivyo tulivyowaita watu walioketi nyuma ya mikro, yaani kipaza sauti, wakiigiza wanafunzi: kuitika “Bonjour, Monsieur”, kusukuma viti, kunong'ona, kucheka. Katika darasa mtu mmoja anaanza kicheko na wengine wanamfuata, kwa sababu watu wakicheka kila mmoja kwa wakati wake inasikika kama kuku sokoni. Huyo wa kuanza nilikuwa mimi, Kavira. Bwana Realizateri akishusha mkono, nacheka. Akifunga ngumi, nanyamaza. Sikupaswa kufikiri kama jambo lenyewe linachekesha. Nilitazama mkono tu.

Kulikuwa pia na bruitage, kazi ya kutengeneza sauti za vitu. Kofi lilikuwa kitambaa chenye maji kikipigwa kwenye ubao. Kofi la kweli halifai redioni, lina sauti ndogo mno, msikilizaji hawezi kuamini kwamba limeuma. Kichwa kinachogongwa benchi kilikuwa boga. Baada ya kazi tulilipika lile boga na kulila pamoja, tukisifu kichwa cha wiki hiyo kuwa kitamu.

Mchezo wetu uliitwa *Darasa la Kapita*, na ulikuwa na nia njema. Niseme hivyo mapema, kwa sababu nitaulaumu sana. Bwana Realizateri alisoma kwenye shule ya bweni huko milimani Masisi, na mwaka wake wa kwanza wakubwa walimtesa vibaya. Kila mwanafunzi mgeni, yule tunayemwita bleu, aliteswa. Alitaka kuwaaibisha watesaji mbele ya mkoa mzima.

“Tubachekeshe kwanza, njo tubafundishe,” alizoea kutuambia. “Mutu mwenye kucheka, masikio yake iko wazi.”

Basi kila Jumamosi Kapita, kiongozi wa darasa, alimkamata bleu mmoja aitwaye Sifuri, mtoto wa shamba mwenye suruali ya baba yake. Anamwamuru: “Bleu, salimia benchi!” Sifuri anapiga magoti, anainamisha kichwa na kusema, “Bonjour, muzee benchi.” Hapo Kapita anamgonga kichwa kwenye ubao. Boga. Mkono unashuka. Nacheka. Mwishoni mwalimu anamkamata Kapita na kumwadhibu, na msomaji wa habari anatoa funzo.

Sauti ya Kapita ilikuwa ya Papa Kambale, na katika maisha yangu sijaona mtu mpole kuliko yeye. Ndiye aliyetuchemshia chai. Akimkanyaga mtu mguu anaomba pole mpaka unajuta kwamba una mguu. Lakini mbele ya mikro alikuwa Kapita mtupu, na mji ukampenda. Akipita sokoni Birere wauza nyanya walimwita, “Kapita! Kuya tusalimie benchi!” na kumwongezea nyanya juu ya fungu. Naye anarudi redioni ametabasamu mpaka masikioni. Yule aliyekuwa sauti ya Sifuri hakuna aliyemwita. Hata mimi leo nalitafuta jina lake na silipati.

Tukaanza kusikia kwamba watoto wanasalimia benchi huko Munigi, huko Himbi, mpaka shule za njia ya Sake. Mnadhani tulishtuka? Tulipeana mikono. Direkteri, mkubwa wa redio nzima, alikuja studioni mwenyewe kutupongeza: “Sasa redio yetu inasikilizwa!”

Siku hizo tulikuwa na desturi ya kutembelea shule zinazotualika. Mwisho wa mwaka mmoja tukaalikwa kwenye shule ambako Mumbere, mtoto wa kwanza wa Papa Kambale, alikuwa ameanza masomo ya sekondari. Papa Kambale alivaa suti. Njia nzima alituambia jinsi Mumbere anavyojua hesabu, na jinsi anavyojifanya mkimya nyumbani, “lakini ni kusoma tu kunamuchokesha.”

Bwana Prefe, mkuu wa shule, alitukalisha mbele uani, chini ya turubai. Akatusifu kwa Kifaransa kirefu. Kisha akatabasamu kama mtu aliyeficha zawadi mgongoni.

“Banafunzi bametengeneza kitu kwa heshima yenu. Na wa kwanza ni mutoto ya nyumba!”

Wakaleta benchi. Akatoka mvulana mkubwa, akapanua kifua na kupaza sauti, “Bleu, salimia benchi!” Wakamsukuma Mumbere mbele. Papa Kambale akaruka kutoka kitini, anapiga makofi: “Ni wa kwangu! Ule ni wa kwangu!”

Mumbere hakutuangalia. Alivua sweta yake ya shule. Akaikunja vizuri, mkono juu ya mkono, akaiweka pembeni mahali pasipo na vumbi. Ndipo akapiga magoti, akainama, akasema, “Bonjour, muzee benchi,” kwa sauti isiyo na kitu ndani yake. Yule mkubwa akamgonga.

Nami nikacheka. Hakuna aliyeshusha mkono. Miaka ile yote ilikuwa imenizoeza, kichwa kikigonga ubao kicheko kinatoka chenyewe. Shule nzima ikanifuata, na ndipo niliposikia jambo ambalo sitalisahau: watoto walicheka kicheko changu. Kilianza chini, kikakwama, kikakwama tena, kikashika. Walikuwa wamekizoea redioni. Walikifanya vizuri kuliko darasa letu la studioni.

Papa Kambale alikuwa ameacha kupiga makofi. Alikuwa akiitazama ile sweta iliyokunjwa. Baadaye aliniambia kwamba muda mrefu mke wake alimgombeza Mumbere kwa sababu ya sweta kuchanika na vifungo kupotea, halafu ghafla vikaacha kupotea, na wao wakashukuru kwamba mtoto ameanza kukua na akili. Mtoto asiyeizoea shida hiyo asingejua kuvua sweta kwanza. Wakubwa wa shule walimpiga kwa kuwa ni mtoto wa Kapita. Walitaka kuona kama ana nguvu za baba yake, na walipoona hana wakaendelea.

Papa Kambale alisimama, akaenda hadi kwenye benchi, akamwinua mwanawe. Watu wakashangilia. Walidhani ni sehemu ya onyesho. Bwana Prefe ndiye aliyeshangilia zaidi.

Wiki ile tulirekodi kama kawaida. Papa Kambale alikuja, akachemsha chai, akasimama mbele ya mikro. Zamu yake ikafika. “Bleu,” akasema. Halafu hakusema kitu. Mshika boga akangoja. Bwana Realizateri aliinua mkono, akauacha juu. Nilimwona anafikiri. Kisha akaushusha, kunipa ishara nicheke, nami nikatikisa kichwa. Hatukupatana jambo hilo, lilitokea tu. Mtambo ulikuwa unaendelea kunasa, na kilichonaswa ni pumzi za Papa Kambale, na kiti kikilia mahali fulani, basi. Bwana Realizateri akasema, “Tutaitoa hivi hivi.” Hata sauti yake ilikuwa imebadilika. Nadhani alikuwa amerudi Masisi kwenye bweni lake.

Ikatoka Jumamosi. Lilikuwa jambo la kweli kuliko yote tuliyowahi kurusha kuhusu mtoto anayepigwa shuleni. Na mnajua mji ulisema nini? Watu walikuja mlangoni kuuliza kama tumekatikiwa umeme. Mama mmoja alituambia ameitikisa redio yake mpaka kifuniko kikatoka. Fundi mmoja wa Birere alitulaumu kwamba wateja wamemletea redio nzima nzima, atengeneze kitu ambacho hakijaharibika.

Jumatatu Direkteri akatuita.

“Redio haiko kanisa. Redio ni sauti. Kapita atarudia Jumamosi.”

“Papa Kambale amekataa,” nikasema.

“Kapita ni sauti tu, tutapata ingine. Lakini wewe mama, kicheko yako ni mali ya redio. Batu banaijua.”

Papa Kambale hakurudi tena. Alikwenda kuuza maharagwe Birere, na wauza nyanya wakaendelea kumwita Kapita, naye hakuitika. Kapita mpya akapatikana. Nami nikarudi kwenye benchi la darasa, kwa kuwa nilikuwa na watoto nyumbani na kucheka ndiyo kazi niliyoijua. Bwana Realizateri alihamia Bunia baadaye. Nikapandishwa bruitage, kisha kuandika, na mwisho nikawa realizateri mwenyewe. Siku nilipopewa kiti hicho nilimfukuza Kapita shuleni. Nikampa Sifuri jina la kweli, mama, na kaka. Wasikilizaji wakalia: turudishieni Kapita. Nikamrudisha ameokoka, mpole, anaomba msamaha. Wakasema mchezo umekufa, na kwa kweli ulikufa.

Nimestaafu sasa, nina muda wa kufikiri, na nimefikiri hivi. Tuliweka funzo mwishoni, na watoto walishachukua lao katikati. Mtesaji tulimpa maneno yote matamu, mteswa tukampa kilio. Mtoto gani mwenye akili atachagua kilio? Wazee husema mzaha mzaha hutumbua usaha. Sisi usaha tuliuona, tukaufanyia mchezo mwingine. Inaniuma. Siku za kukaa peke yangu inaniuma sana.

Juzijuzi nilikuwa Birere nanunua unga. Nikaita pikipiki initoe kule mpaka kwangu upande wa Lac Vert. Dereva alikuwa mtu mzima, koti zito, mvi kidogo kwenye ndevu. Tukapatana bei, akawasha. Mbele kidogo akasema bila kugeuka:

“Mama, mi najua ile sauti. Uko Mama Kavira wa redio.”

“Na wewe uko nani, mutoto yangu?”

“Mumbere. Wa Papa Kambale.”

Njia ikapita, mawe meusi ya volkano kushoto na kulia. Nikauliza habari za baba yake.

“Alishakufaka, mama. Aliniomba pole mpaka nikachoka. Jumamosi hakufunguaka redio tena.” Akapunguza mwendo kwa ajili ya mashimo. “Mimi nilikuwa nataka tu anitafutie shule ingine. Alisikiaka haya kuniuliza. Na mimi nilisikia haya kumwambia. Njo vile nikaachaka masomo.”

“Ulikuwa unajua hesabu.”

“Nilikuwa najua,” akasema.

Nikamwambia pole, neno dogo kama kofi la kweli. Nikamwambia pia kwamba tangu nistaafu sicheki mbele za watu. Nikisikia kinakuja naweka kitambaa mdomoni. Tulipofika kwangu akanisaidia kushusha unga, na nadhani alitaka kunifariji, maana akaanza kunisimulia habari za mteja aliyepanda na mbuzi. Polisi wa barabara aliwasimamisha, akamwangalia mbuzi kwa muda, akauliza kwa ukali wote: “Na huyu, kaske yake iko wapi?” Mteja akamvua Mumbere kofia yake ngumu na kumvika mbuzi. Polisi akapiga saluti, wakapita.

Kikaanza kunijia. Nikashika kitambaa, nikakipeleka mdomoni. Mumbere akauteremsha mkono wangu taratibu.

“Cheka tu, mama. Iko yako.”

Basi nikacheka. Kilianza chini, kikakwama, kikakwama tena, kikashika na kupanda, na machozi yakanitoka, na Mumbere alikuwa akitabasamu kweli. Ndipo nikaona mikono yake. Ilikuwa imeshafungua zipu na kulitoa koti mabegani. Alilikunja, mkono juu ya mkono, macho bado yananitazama na kutabasamu, akawa anatafuta mahali pasipo na vumbi pa kuliweka.