Banda la Wazazi la Buguruni

Wakati wa Mwingereza nilikuwa nesi mkunga katika hospitali ya serikali mjini, nikikaa Buguruni kwa mama mkubwa, dada yake mama. Naye alikuwa mkunga, ila wa nyumbani. Mie nilivaa gauni jeupe na viatu vya kufunga kamba; yeye alijifunga kaniki na kwenda peku. Uchungu ukimshika mwanamke mtaani kwetu, aliitwa yeye. Mie nilisalimiwa tu kwa heshima nikipita.

Aliyezidiwa alipelekwa mjini juu ya kitanda cha kamba, mabegani mwa wanaume. Masika moja jirani yetu, mke wa mchuuzi wa samaki, alipelekwa hivyo. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Mama mkubwa alijaribu alichojua, nami nikajaribu nilichojua, kisha tukasema twende. Mvua ilikuwa imeigeuza njia kuwa tope. Tulipofika kwenye reli, gari moshi la mizigo lilikuwa linapita, behewa baada ya behewa. Nilikuwa nimemshika mkono. Alinibana vidole kwa nguvu, akalegeza, akanibana tena, kisha akalegea kabisa. Gari lilipokwisha kupita, wabebaji wakaniuliza kama waendelee. Nikawaambia wageuze.

Matangani alikuja kuhani tabibu msaidizi niliyefanya naye kazi, Mkristo wa kutoka kusini, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Alikaa barazani na wanaume, halafu akaniita pembeni.

"Dada, wangapi watapita njia ile?"

"Wote," nikamjibu. "Hakuna nyingine."

"Basi hospitali na ije huku."

"Nani ataileta?"

"Sie."

Ndivyo chama chetu kilivyoanza. Kwanza tuliomba chumba hospitalini tukutane baada ya kazi. Daktari mkuu, Mzungu aliyependa kuzungumza nasi huku anaangalia saa yake, alicheka. "Chama cha nini? Kazi yenu ni kufunga vidonda na kuosha vyombo." Tabibu akasema, "Ndiyo, bwana," tukatoka. Nje akaniambia, "Nimemwambia ndiyo, tuna vyombo vya kuosha. Hajaniuliza vya nani."

Tukakutana kwa mama mkubwa, kwenye mikeka uani, Jumapili alasiri. Tulikuwa wachache: tabibu, mimi, na madresa wawili, wafunga vidonda wa hospitali. Mmoja wa madresa alikuwa anatoka Ukonga kwa baiskeli, kijana mtanashati, hodari wa kazi, na mkali kama pilipili. Huyo ndiye aliyezusha ugomvi wetu wa kwanza, siku nilipomleta mama mkubwa aketi nasi.

"Dada, hiki ni chama cha watu wa tiba," akasema. "Tukikaa na wakunga wa kienyeji, wakubwa watatucheka."

"Wameshatucheka," nikamwambia.

Mama mkubwa hakungoja kutetewa. "Mwanangu, umekaa mkeka wangu, unakunywa chai yangu, na unanitoa kwangu? Haya. Akina mama wakizidiwa, watakuita wewe?"

Dresa hakukubali. Jumapili iliyofuata hakuja. Tabibu alikwenda Ukonga kumfuata, na sijui walisemezana nini, ila yule kijana alirudi amenuna, akaketi mbali na mama mkubwa. Naye mama mkubwa hakuwa mtu mwepesi. Tabibu alipotufundisha kuchemsha wembe na uzi kabla ya kukata kitovu, ili mtoto asishikwe na pepopunda, alibisha kutwa nzima. "Wembe huu umekata vitovu vya nusu ya Buguruni." Nikamwuliza, mbele ya watu wote, ni wangapi katika hao walikakamaa wakafa kabla kitovu hakijadondoka. Aliniangalia kwa hasira. Kisha akainuka, akaenda jikoni, tukasikia anamimina maji kwenye sufuria. Hatukubishana tena juu ya wembe.

Kutoka hapo chama kikaota mizizi. Mama mkubwa aliwaleta wenzake, wakunga wa Temeke, kisha wa mashamba ya mbele huko. Wanaume waliokuwa wakibeba vitanda tukawafundisha kuzuia damu, na namna ya kumlaza mgonjwa. Dresa wa Ukonga, na kununa kwake, akawa mwalimu bora kuliko sote. Akina mama walimpenda kwa sababu aliwagombeza kama mkwe. Kipupwe kilipoingia, ua ulikuwa hautoshi. Mzee mmoja mwenye shamba la minazi akatupa kipande cha ardhi kando ya njia, tukajenga banda: fito, makuti, sakafu ya udongo uliopondwa, pazia la kanga katikati. Tukaliita banda la wazazi. Wanawake walikuja kwa miguu yao, na wengi walirudi kwa miguu yao, na watoto mgongoni.

Habari zikafika mjini. Asubuhi moja akaja bwana afya, Mzungu mwenye kofia ngumu, na askari wawili wenye mashoka. Ndani ya banda mwanamke kutoka Temeke alikuwa katika uchungu wa mwisho, mama mkubwa ameketi nyuma yake amemkumbatia. Mie nikatoka, mikono imelowa maji ya dawa.

"Nani natoa ruhusa ya nyumba hii?" bwana afya akauliza kwa Kiswahili chake.

"Hapana mtu," nikasema.

"Sasa ondoka. Askari navunja."

"Ndani kuna mtu anazaa."

"Peleka hospitali."

Nikamwonyesha njia. "Nibebee basi, bwana. Shika upande mmoja, askari wako ashike mwingine. Ni mbali, lakini mtafika."

Sikuwahi kusema na Mzungu hivyo kabla ya siku ile. Lakini mlango sikuuacha. Akina mama waliokuwa wakingoja nje wakainuka mmoja mmoja, wakaja kusimama nami, mmoja ana mimba kubwa hata hakuweza kusimama sawasawa, akaegemea bega langu. Askari mmoja, mtu mzima, akaangalia chini. Ndipo tukasikia kilio cha mtoto. Mama mkubwa akapiga vigelegele huko ndani, na nje wakavipokea. Yule askari akaweka shoka lake begani, akamwambia bwana wake, "Effendi, mimi siwezi." Wakaondoka.

Hatukujidanganya kwamba yameisha. Baada ya siku chache daktari mkuu akatuita, tabibu na mimi. Safari hii hakuangalia saa. Akasema chama kinaweza kuendelea, hata bati tutapewa, kwa masharti mawili: yeye awe mwenyekiti, na wale wanawake wasiojua kusoma watolewe. Tabibu akasema hawezi kujibu peke yake.

Jumapili ile uani kwa mama mkubwa watu walijaa hadi barabarani. Tabibu akaeleza yote, bila kupunguza wala kuongeza. Wapo waliosema tukubali. Bati si kitu kidogo, na kazi zetu zilikuwa mikononi mwa yule bwana. Nami nilijua hivyo. Kisha akainuka dresa wa Ukonga, nikasema moyoni, huyu leo amepata nafasi yake.

"Mie ndiye niliyekataa kukaa na mama huyu," akasema. "Nilijua siku moja nitamtoa. Lakini nitamtoa mimi mwenyewe, kwa kubishana naye. Hatatolewa na mtu asiyemjua hata jina."

Watu wakacheka. Mama mkubwa akasema, "Jaribu!" Wakacheka zaidi. Kisha tabibu akauliza anayetaka masharti yale ainue mkono. Hata waliosema tukubali waliiacha mikono yao mapajani.

Tulilipa. Tabibu alihamishwa bara, mbali, kwa amri ya ghafla. Tulimsindikiza stesheni akina mama wengi hata mabwana tiketi wakadhani kuna harusi. Mie niliambiwa nichague baina ya hospitali na banda. Nikalivua gauni, nikalikunja, nikaliweka mezani kwa daktari mkuu, nikatoka na kanga zangu. Na banda walikuja kulivunja, siku ambayo hapakuwa na mzazi ndani. Safari hii waliletwa askari wageni.

Jioni ile wanaume waliofundishwa kubeba wagonjwa waliokota fito zilizosalia. Wakunga wa Temeke wakasema wao wana nyumba, nasi Buguruni tuna nyumba. Kila mtaa utatoa chumba kimoja, na atakayetaka kuvunja aanze kuwavunjia watu nyumba zao. Ikawa hivyo. Masika ya pili yalipoanza, tulikuwa na vyumba vingi kuliko ambavyo lile banda lingetoa, na dresa wa Ukonga alivizungukia vyote kwa baiskeli yake, akitugombeza kwa ajili ya vumbi.