Duara Mgongoni mwa Adomas

Marcelė hakuwa mwanamke wa maneno mengi, ila yale machache aliyokuwa nayo yalikuwa makali kama siki. Kijiji kizima cha Šilagiriai, nyumba kumi na tisa za mbao kwenye ukingo wa msitu wa misonobari, kilimjua hivyo tangu alipoolewa na Adomas. Watu walisema Mungu alipima vizuri: mke mkali kwa mume mpole.

Adomas alikuwa mgema utomvu. Kwa miaka ishirini na miwili alipita msituni na kisu chake kilichopinda, akichanja misonobari na kuning'iniza vikombe vya kukinga utomvu, mpaka kazi hiyo ilipofungwa baada ya utawala wa nchi kubadilika. Baada ya hapo akaajiriwa kukata miti. Popote alipokwenda alirudi na kupe. Hakuna aliyeshangaa. Watu wa kule wanaishi kwa uyoga na matunda ya porini, na anayeingia msituni hutoka na kupe kama vile aingiaye kinuni hutoka na unga. Kila Jumamosi, kwenye kibanda cha kuogea kwa mvuke, Marcelė alimkagua mumewe mgongoni na kwapani. Akimwona kupe alimpaka mafuta ya alizeti, akasubiri alegee, kisha akamnyofoa kwa kucha na kumtupia jikoni motoni. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake vilevile.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, mwaka tisini na saba, aliona kitu kingine. Chini ya bega la kushoto palikuwa na duara jekundu, kubwa kama kisahani, jeupe katikati.

"He! Umepigwa mhuri kama ng'ombe wa serikali," akasema, akicheka.

"Mhuri gani?"

"Duara. Linawasha?"

"Wala."

"Basi ni mkanda wa mzigo huo. Geuka nikumwagie maji."

Baada ya wiki tatu duara likafifia, nao wakalisahau.

Majira ya baridi yale Adomas alianza kuchoka. Hakuchoka kama mtu aliyefanya kazi. Alichoka kama mtu aliyeamka tayari amefanya kazi. Alikaa karibu na jiko, shoka likapata kutu. Goti la kulia likavimba, likapungua, likavimba tena. Alianza sentensi akaipoteza katikati. Kwenye zahanati ya tarafa aliambiwa ni baridi yabisi na umri, na kwamba apunguze gongo.

Adomas alikuwa akionja gongo Krismasi na Pasaka tu. Lakini neno la mtu mwenye koti jeupe ni zito, na Marcelė akaliamini kuliko alivyoyaamini macho yake mwenyewe. Alitafuta chupa kwenye nyasi kavu, nyuma ya mizinga ya nyuki, chini ya ngazi. Hakuipata hata moja. Akahitimisha kwamba mumewe ni hodari wa kuficha.

Septemba iliyofuata majirani wanane walikuja kuwasaidia kuchimba viazi, kama ilivyo desturi yao ya kupokezana. Kabla hata ya saa nne Adomas aliketi chini kwenye tuta, mguu mmoja ameunyoosha, ndoo imepinduka pembeni. Kijana mmoja akaenda kumwinua.

"Mwache huyo," Marcelė akasema kwa sauti ya kusikika shamba zima. "Kuna walioumbwa kufanya kazi, na kuna walioumbwa kukaa."

Watu wakacheka. Adomas naye akacheka.

Binti yao Aldona, aliyekuwa akishona nguo kiwandani mjini Alytus, alikuja mwezi wa tatu na kukuta goti la baba yake limekuwa kama boga. Shavu lake la kushoto nalo lilikuwa limelegea wiki mbili kabla, likarudi hali yake, na hakuna aliyemwandikia habari hiyo.

"Mama, baba anaumwa, nawe unamwangalia tu?"

"Anaumwa uvivu."

"Basi uvivu huu tutaupeleka hospitali. Vaa koti, baba."

Hospitali ya Varėna walipokelewa na daktari kijana aliyeitwa Vaida, mwenye nywele fupi na mikono ya baridi. Alivuta maji ya njano gotini kwa sindano. Akauliza kazi. Akauliza msitu. Kisha akamgeukia Marcelė.

"Mama, hujawahi kumwona na alama nyekundu mwilini? Kama duara?"

Duara lile likamjia Marcelė lote, pamoja na mvuke na kicheko chake mwenyewe. Aldona alikuwa akimtazama. Adomas alikuwa akifunga vifungo vya shati, kimoja kimoja, kwa shida.

"Hapana," akasema.

Daktari akaandika. Damu ikachukuliwa, wakaambiwa wasubiri siku kumi.

Siku hizo Marcelė hakula vizuri. Alikanda mkate mweusi ukagoma kuumuka, akawapa nguruwe. Alimpa Adomas bakuli la supu bila kijiko, naye Adomas akamuuliza kama amepata homa. Alhamisi akapanda basi la asubuhi peke yake. Alisema anakwenda kununua mbegu za kitunguu.

Alimkuta Daktari Vaida kwenye ukumbi, ana kikombe cha chai mkononi.

"Daktari, siku ile nilikudanganya."

"Kaa kwanza, mama."

"Nitasimama. Duara lilikuwepo. Karibu miaka miwili iliyopita, mwezi wa sita. Nililiona kwa macho yangu haya, nikacheka."

Daktari akaweka kikombe dirishani. "Hata ungeniambia siku ile, ningemchukua damu vilevile. Hujamcheleweshea chochote."

"Nauliza la mwaka ule. Ningemleta mwaka ule, angepona?"

Daktari angeweza kudanganya. Alimtazama yule mama aliyesimama na kitambaa chake kichwani, akaamua kutodanganya.

"Huenda, mama. Alama ile ikionekana ikatibiwa mapema, wengi hupona upesi. Lakini wewe hukujua. Na mwenye kazi ya kujua, huko zahanati, hakuuliza."

Marcelė akaitikia kwa kichwa. Kisha akaeleza habari ya mafuta ya alizeti, kwa kuwa alikuwa ameamua kusema yote. Daktari akaenda kuleta kibano chembamba. Akamwonyesha: unamshika kupe karibu kabisa na ngozi, unamvuta polepole moja kwa moja, humpaki kitu. Halafu unaandika tarehe, na kwa mwezi mzima unaiangalia ngozi.

"Chukua, mama. Ninavyo vingine."

Alirudi nyumbani bila mbegu za kitunguu. Adomas alikuwa kwenye benchi nje ya mlango, anasuka kikapu cha mizizi ya msonobari. Vidole vilikuwa bado vinamtii. Marcelė aliketi karibu naye na kumweleza duara, uongo, basi, yote. Adomas hakuacha kusuka.

"Nimekutukana mbele ya watu," Marcelė akasema.

"Umenitukana na nyuma yao pia."

"Kweli."

"Maneno yako nimeyazoea, Marcelė. Kilichoniuma ni kwamba nami nilianza kuyaamini. Nilikuwa nikijiuliza, uvivu huu nimeutoa wapi? Baba yangu hakuwa mvivu."

Marcelė akajifunika uso kwa aproni. Kwa miaka thelathini na moja Adomas hakuwa amemwona akilia, hata kwenye mazishi ya mama yake. Hakujua afanye nini, akampa ncha ya mzizi aishike wakati yeye akifunga.

Majibu yakaja: ni ugonjwa wa kupe, uitwao kwao Laimo. Vidonge viwili kwa siku, siku ishirini na nane, asivinywe pamoja na maziwa, asikae juani. Marcelė alivigawa kama padre agawavyo komunyo, na jagi la maziwa akalihamishia kabatini mpaka saa zipite.

Gari la duka lilikuwa likija kijijini kila Jumanne, na wanawake walipanga foleni kwenye njia panda. Jumanne moja jirani yao Zosė, mjane mwenye ulimi usiolala, alikuwa mbele.

"Marcelė! Nasikia Adomas wako ana ugonjwa wa bahati!" Maana katika lugha yao jina lile la ugonjwa linakaribiana na neno la bahati. "Basi na mimi niombeeni niupate, bahati yenyewe nimeingoja miaka sabini!"

Foleni ikaangua kicheko. Marcelė akaweka kikapu chini.

"Zosė, ulikuwepo kwenye viazi?"

"Nilikuwepo."

"Na wewe, na wewe, mlikuwepo. Nilisema mume wangu aliumbwa kukaa. Mlicheka kwa sababu mimi niliwachekesha. Mtu alikuwa mgonjwa. Alikuwa akiumwa chini ya paa langu, na mimi nikawa natafuta chupa kwenye nyasi. Nimekosa. Nawaambia ninyi kwa kuwa niliwaambia ninyi lile la kwanza."

Mwenye gari akajifanya anapanga makopo. Zosė akanunua chumvi yake, akaondoka; lakini jioni alikuja na mayai kumi na mbili kwenye bakuli, akayaweka mezani mbele ya Adomas, akasema kuku wake wametaga kupita kiasi mwaka huu.

Goti lilipungua. Kufikia kiangazi Adomas aliweza kupasua kuni kidogo, ingawa mguu haukukunjika wote tena, na majina ya vitu yaliendelea kumponyoka. Daktari hakutaka kusema kama ni ugonjwa au ni umri.

Hofu sasa ikahamia kwa Marcelė. Kiangazi chote hakuingia msituni. Matunda yaliiva yakaanguka, uyoga ukatoka ukaoza, naye akabaki uani. Aliwakagua wote waliopita: wajukuu wa jirani, mwenye gari la duka, hata padre, ambaye alikunja mikono ya kanzu kwa utii. Kalenda ya ukutani ilijaa majina na tarehe. Kila baka jekundu mwilini mwake alilizungushia kalamu ili aone kama linatanuka. Ni kalenda hiyo iliyomwokoa Zosė: siku ya tisa baada ya kutolewa kupe, duara lilitokea nyuma ya goti lake, na Marcelė akampandisha basi asubuhi hiyohiyo, bibi akilalamika njia nzima kwamba hawezi kuishi wiki mbili akitenganishwa na maziwa yake ya mgando. Alipona, akaendelea kulalamika.

Mwishoni mwa mwezi wa nane Adomas alitoka mlangoni na vikapu viwili. Suruali ameichomeka ndani ya soksi nyeupe.

"Twende."

"Sitaki."

"Msitu haukunifanyia ubaya kwa makusudi. Umenilisha tangu nina meno mawili. Twende, utanikagua tukirudi."

Walikwenda taratibu, yeye na fimbo, mke nyuma yake akitazama majani yanapogusa miguu ya mumewe. Kwenye ukoka wa kijivu chini ya misonobari, uyoga wa njano ulikuwa umetoka kwa makundi. Marcelė alisimama kidogo, kisha akapiga magoti na kuanza kukata kwa kisu.

Adomas akaokota mmoja mwingine, wa kahawia, mwenye shina nene. Akaugeuza mkononi. Huo alikuwa akiujua kabla ya kujua kusoma.

"Huu unaitwaje?"

Marcelė akamwambia jina lake. Wakaendelea. Baada ya hatua kama ishirini akaokota wa namna ileile, akaunusa, akamtazama mkewe.

"Na huu?"

Akamwambia tena, kwa sauti ileile.