Sisimizi Walioukataa Mkunazi

Uvumilivu wangu uliisha siku ya Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, nyumbani kwa mama mkwe wangu, mtaa wa Wattaya, pale ami yake mume wangu alipojifuta mikono akasema, "Dawa ya wadudu imeua wadudu. Sasa mie nkupe pole au nkupe hongera?"

Wakacheka. Mama mkwe alicheka kwa adabu, shemeji yangu alicheka kwa sababu hucheka kila kitu, na mume wangu, Mungu anamuona, aliinamia sinia la wali. Mimi nilikuwa na kopo kwenye mkoba. Nikalitoa, nikalifungua, nikaliweka katikati ya busati, baina ya birika la kahawa na sahani ya tende. Ndani mlikuwa na donge la kuvu lililogeuka rangi ya majivu, na sisimizi wamelala chali, miguu imejikunja.

"Ami," nikamwambia, "sitaki pole wala hongera. Nataka jina la dawa. Mwanangu amekula kunazi za mti ulioupiga."

Hapo kicheko kilikatika. Lakini jina hakulitaja.

Nieleze vizuri, maana watu wakisikia nimegombana na mkwe kwa ajili ya sisimizi wanadhani nimeingiwa na wazimu. Tunakaa Al Khuwair, mtaa mwingine wa mji huu huu wa Kiarabu, katika jengo ambalo ami ndiye msimamizi wake kwa niaba ya mwenye mali. Yeye ndiye aliyetupatia ile fleti tulipooana, na tangu siku hiyo hatujapata nafasi ya kusahau. Balbu ikiungua kwenye ngazi naona haya kumwambia, nisije nikaambiwa sina shukurani.

Sisimizi walikuja kwa mwanangu. Ana miaka saba na midoli haimshughulishi. Baba yake alikuwa na mwenzake kazini, mgeni mpenda wadudu, ambaye alipokuwa anarudi kwao alimwachia kikopo chenye malkia mmoja, watoto wa malkia wachache, na kipande cha kuvu kisichozidi ndimu. Hawa si wale wanaojipanga foleni kwenye bakuli la sukari. Hawa hukata majani, lakini majani yenyewe hawayali. Huyatafuna wakailisha kuvu yao, kisha wao hula kuvu. Kuvu ikifa na wao wamekufa.

Nyumba yao niliijenga mimi. Baba mtu alitaka kuagiza ya kioo nikamkataza, kwa sababu yeye akiagiza kitu hukaa kwenye boksi mpaka kikaota vumbi. Nilichukua makopo ya plastiki ya halua, yale makubwa yanayopita mkono kwa mkono wakati wa Idi, nikayasugua mpaka harufu ya zafarani ikatoka. La kwanza la kuvu, chini nikamwaga jasi niwe nailowesha, maana kuvu inataka unyevu. La pili la majani. La tatu la taka, kwa sababu wale wana adabu ambayo nyumba yangu haina. Taka zao huzipeleka mbali, hawaziachi karibu na chakula. Matundu niliyatoboa kwa chuma cha mshikaki nilichokipasha moto jikoni, nyumba nzima ikanuka plastiki. Makopo nikayaunganisha kwa mpira mwembamba wa dukani wanakouza samaki wa mapambo.

Mara ya kwanza nilitoboa pakubwa. Asubuhi nikawakuta juu ya meza ya kujipambia, kila mmoja amebeba kipande cha asumini niliyoivua nyweleni jana yake. Mwanangu alifurahi mpaka akakaa sakafuni. Mimi sikufurahi. Nikaziba nafasi kwa silikoni, nikapaka mafuta ukingoni wasipande. Kisha ikaja kazi ya kutafuta pa kuwaweka. Joto la hapa linaiua kuvu, na upepo wa AC unaikausha. Tulizunguka na makopo chumba hadi chumba mpaka tukapata pembe moja nyuma ya kabati ambako walitulia, wakaanza kuongezeka.

Majani tulichuma kwenye mkunazi ulio penye maegesho ya magari. Mwanangu akirudi skuli hushuka na kimkasi chake, mimi nikimtazama kutoka dirishani, anakata majani mkono mmoja na mkono wa pili anachuma kunazi anatia mdomoni. Watoto wote wa jengo hula kunazi za mti ule. Sisi wenyewe tukitoka kazini tunasimama tunaokota.

Siku moja ya wiki ile, kabla ya ile Ijumaa, alipanda na majani kama kawaida. Sisimizi waliyapokea, wakayakata, wakayaingiza. Kesho yake mwendo wao ulikuwa wa walevi. Kuvu ikatoka doa la kahawia upande mmoja. Mwanangu akatia majani mengine ya mkunazi, na hapo nikaona kitu kilichonisimamisha. Walikuwa wanayatoa. Kipande kwa kipande, wanayabeba mpaka kopo la taka wanayatupa. Nikajaribu majani ya asumini ya kwenye chungu changu cha barazani. Hayo waliyachukua bila ya matata. Nikarudisha la mkunazi, likatupwa.

Nikashuka chini. Nikavuta tawi nikalinusa, likanuka kama mafuta ya taa. Majani yalikuwa na madoa meupe yaliyokauka, na kunazi nazo vile vile. Mlinzi wa getini akaniambia, bila ya kujua analosema, kwamba wapangaji walilalamika magari yao yananata kwa utomvu chini ya ule mti, kwa hiyo ami alileta watu wakaupiga dawa watoto walipokuwa skuli. Hakubandika karatasi kwenye lifti wala hakutuma ujumbe kwa yeyote.

Nilipopanda juu nikamkuta mwanangu anatapika.

Daktari alimuangalia macho, akamuangalia ulimi, midomo ilikuwa imevimba kidogo na mikono inamuwasha. Akaniuliza dawa gani. Nikasema sijui. Akauliza tena, kwa upole, akasema kila dawa ina madhara yake na tiba yake, nijitahidi kujua. Nikampigia ami pale pale, daktari amesimama anasubiri. Ami akasema, "Dawa ya miti tu, mwanangu, usiwe na khofu." Nikamuuliza jina. Akasema halikumbuki. Nikamwomba awaulize waliopiga. Akasema atauliza, akakata, na baada ya hapo simu yangu hakuipokea tena.

Kutapika kulikoma usiku ule, alhamdulillahi. Daktari alisema tumtazame, na tukamtazama. Lakini mti bado umesimama pale na kunazi zake, na watoto wa watu bado wanaokota. Niliwagongea majirani milango nikawaambia. Wawili walinishukuru. Mmoja alisema gari lake sasa halinati.

Ndiyo nikaenda Wattaya na kopo. Baada ya kicheko kukatika, mama mkwe akanivuta karibu yake. Akaniambia ami huyo yuko mahali pa baba wa mume wangu, na mambo ya ndani hayapelekwi nje. Kama nimeudhika yeye atanipikia ninachotaka na tutasameheana. Nikamwambia nasamehe sasa hivi, mbele ya wote, ami akitaja jina la dawa.

Ami akanywa kahawa yake akaimaliza. "Unataka kwenda baladia, nenda," akasema, akiikusudia halmashauri ya mji, wala hakunyanyua sauti. "Lakini na wao watakuuliza hao wadudu wako wameingia kwa kibali gani. Watachukuliwa wao mwanzo."

Alijua pa kunishika. Kwenye kopo jingine, nyumbani, malkia alikuwa bado hai. Nilikuwa nimekata kipande cha kuvu kilichobaki cheupe nikamhamisha nacho pamoja na wachache walioweza kutembea, na mwanangu kila akiamka huenda kumtazama kabla hajapiga mswaki. Nikafunga kopo langu, nikamchukua mtoto aliyekuwa anacheza nje, nikashuka hadi kwenye gari. Mume wangu aliendesha mpaka maegeshoni, chini ya mti wenyewe, akazima gari. "Mie sikukatazi," akasema. "Lakini atajua kama nimekuachia." Nikamwambia ajue.

Mwanangu nilimuuliza, kwa sababu ni wake. Nilimwambia pengine watakuja kuwachukua. Akauliza kama hao watakaokuja wanajua kuwa malkia hapendi upepo wa AC. Nikasema tutawaambia.

Jumapili, ambayo huku ni siku ya kazi, nikaenda baladia. Karani aliyeandika malalamiko yangu alikuwa kijana mpole. Alipofika kwenye jina la msimamizi akaona ukoo ni mmoja na wa mume wangu, akasita, akauliza kama hatukuzungumza nyumbani kwanza. Nikamwambia tumezungumza na kahawa tumekunywa. Alipofika kwenye sisimizi akasita zaidi, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba sehemu hiyo naweza kuiacha, mtoto peke yake anatosha. Nikamwambia aandike kama nilivyosema, maana nikificha langu nitamdaije mwenzangu lake. Barua ilikuwa kwa Kiarabu. Kwa Kiswahili ni hivi:

"Msimamizi wa jengo letu amepiga dawa mkunazi uliopo maegeshoni, ukiwa na matunda, bila ya kuwaarifu wakaazi. Mwanangu amekula matunda hayo akaugua, na cheti cha daktari nimekiambatisha. Nimemuuliza msimamizi jina la dawa kwa simu na mbele ya watu wa nyumba yake na yangu, hakunipa. Nafuga nyumbani sisimizi wakata majani. Wao ndio walioukataa mti huo kabla sisi hatujajua, na wengi wao wamekufa. Sijui kama wanahitaji kibali. Kama wanahitaji, niko tayari kuulizwa, na mlango wangu uko wazi. Ninachotaka ni haya: dawa ijulikane jina, matunda yaondolewe, na mti uwekewe tangazo watoto wasile. Anayelalamikiwa ni ami wa mume wangu. Naomba hilo lisipunguze kitu katika malalamiko haya."