Mke Mwenza wa Truphosa

Zama za ruksa ya biashara huria zilipofika Mwanza, minofu ya sangara ilipanda ndege kwenda Ulaya, nasi tukaachiwa mapanki, yaani kichwa, mifupa na mkia. Hatukulalamika sana, kichwa cha sangara kina utamu ambao Mzungu hatakaa aujue. Truphosa, jirani yangu hapa Kirumba, alianika mapanki juani na kuyauza kwa bei ya kutupa kwa akina mama wenye makarai na mafuta. Wao waliyakaanga na kunenepa. Yeye alitaka karai lake mwenyewe, basi.

Ndipo ukaja mradi wa kukopesha akina mama. Sharti lilikuwa wanawake watano wadhaminiane, na wasiwe wa nyumba moja, maana wa nyumba moja wakikimbia wanakimbia pamoja. Truphosa akapata wenzake wanne. Siku ya usaili pale Mwaloni, soko letu la samaki hapa Kirumba, bwana mikopo, Revocatus, kavaa tai katikati ya dagaa, akamuuliza Truphosa: huyu Amondi, mmoja wa wale wanne, ni nani wake?

“Mke mwenzangu,” akajibu Truphosa.

Revocatus akafunika kalamu. Kikundi kimeanguka.

Wajaluo wa kwao Truphosa, wanawake walioolewa kijiji kimoja huitana wake wenza, hata kama waume zao hawajawahi kuazimana kiberiti. Amondi ana mume wake, Okwach, jitu la kuvuta nyavu. Walieleza mpaka mate yakawakauka. Revocatus akasema hataki hadithi. Aitwe mume wa Truphosa aseme mwenyewe ana wake wangapi.

Otuoma akaja na wavuvi wenzake, Okwach akiwamo, wote wametega masikio. Mwanaume huyu, ugali ukichelewa kidogo tu, humtishia mkewe kwamba ataleta wa pili. Leo anaulizwa hadharani! Akapandisha suruali.

“Wawili,” akasema. “Mimi si mwanaume wa mmoja.”

Karai likaota mbawa. Nilikuwa pale, nikamchukia Otuoma kwa moyo wote. Lakini Truphosa hakupiga kelele. Akamgeukia Amondi.

“Haya, mke mwenzangu, zamu yako imefika. Mchukue leo. Anakoroma, na miguu haoshi. Shemeji Okwach atampisha kidogo kitandani, au siyo shemeji?”

Okwach akaweka chini wavu aliokuwa ameubeba, akamtazama Otuoma.

Otuoma akarudi nyuma hatua moja. “Mmoja,” akasema.

“Sijasikia,” akasema Revocatus.

“Nina mke mmoja, bwana. Huyu hapa. Ananitosha.”

Watu walicheka mpaka wenye mizigo wakaitua. Mkopo ukatoka, karai likanunuliwa, na Truphosa naye sasa ananenepa. Lakini ukimuuliza mradi ulimpa nini, karai halitaji kwanza. Anasema Otuoma alitamka “ananitosha” mbele ya Kirumba nzima, na tangu siku ile ugali ukichelewa, anausubiri kimya.