Mashine Nne na Kanzu Moja

Nina mashine nne kuukuu za kufulia, zimepangwa uani kwetu Pongwe kama maharusi. Ijumaa moja, mama mkwe akiwa mgeni wetu, nilijitia fundi, nikafua kanzu yangu kwenye ile niipendayo zaidi. Akaitazama inavyozunguka mpaka mwisho, kisha akaitoa kanzu na kuisuuza upya mara tatu.

"Mwanangu, maji yale yale yamezunguka na uchafu wake. Utaswalia hii?"

Nilinuna siku nzima. Mashine yangu kuambiwa haitoharishi nguo ya kuswalia!

Siku hizi kila Ijumaa asubuhi naiwasha, naisikiliza inavyonguruma, naifuta vumbi. Ndani hamna kitu. Kanzu iko kwenye beseni, nimechutama kando yake, nafikicha kola kwa mikono.