Kabati la Mama Funguo

Wanafunzi ndio waliompa jina la Mama Funguo, kwa sababu ya shada la funguo alilolifunga kiunoni. Lililia kila alipopiga hatua, ukajua anakuja kabla hajakata kona. Alikuwa mtunza maabara wa shule ya sekondari, mwanamke mwembamba, mchapakazi, koti lake jeupe halijui doa. Watoto walitaniana kwamba panya wa maabara ile wakitaka kutoka shimoni huandika barua ya maombi kwanza. Utani huo ulimfikia, wala hakuukasirikia. Aliuchukua kama sifa.

Hakuzaliwa na tabia hiyo. Mwaka wake wa pili kazini, wanafunzi wawili waligombania zamu ya kuchungulia kwenye hadubini, na hadubini ikaanguka sakafuni, kioo huku, bomba kule. Ilikuwa moja tu shuleni. Mkuu wa shule wa wakati ule alimsimamisha asubuhi mbele ya shule nzima iliyojipanga mstarini, akasema mtu huyu hafai kukabidhiwa hata kikombe cha chai. Watoto walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Siku ile alijiapia kwamba akiwa hai, hakuna kitu kitakachovunjika tena mikononi mwake.

Miaka mingi baadaye, chini ya mkuu mwingine, shule ililetewa masanduku ya vifaa vipya: hadubini kumi, bureti arobaini za kupimia asidi tone kwa tone, pipeti, mizani, mirija ya majaribio isiyo na idadi. Alivipokea kwa mikono miwili. Alivipanga katika kabati kubwa la mbao lililochukua ukuta mzima wa nyuma, akatia kufuli mbili. Kila Ijumaa mchana alivitoa kimoja kimoja, akavifuta kwa kitambaa laini, akavirudisha. Wakaguzi walipokuja, kabati lilifunguliwa, wakaduwaa, wakaandika kwamba maabara iko katika hali nzuri sana. Mkuu akatia saini. Wakaguzi wakaenda zao, kufuli zikarudi mahali pake.

Mwalimu wa kemia, kijana aliyetoka chuoni na moto wake, aliziomba bureti mara tatu. Mara ya kwanza aliambiwa alete orodha ya majina ya watakaozishika. Mara ya pili, barua yenye saini ya mkuu. Mara ya tatu aliambiwa asubiri ukaguzi upite. Moto ukampoa. Akawa anaichora bureti ubaoni kwa chaki za rangi, na lazima tuseme ukweli, aliichora ikapendeza. Ikapita miaka tisa hivyo. Kila mwaka matokeo ya sayansi yalirudi yakiwa mabaya, na katika chumba cha walimu ilisemwa kwamba watoto wa siku hizi ni wavivu. Mama Funguo naye alitikisa kichwa pamoja na wenzake.

Mwaka wa saba wa kabati hilo, dada yake mkubwa aliyeishi mbali alimletea binti yake aje kusoma hapo. Nyumbani walimwita Bibi Maswali, maana alianza kuuliza kwa nini hata kabla hajajua kutamka vizuri. Dada hakuficha sababu ya kumleta. Alisema mtoto anataka kuwa mpimaji wa maabara ya hospitali, wale wanaosoma damu kwenye hadubini, na kwamba akiishi na mama yake mdogo aliyeshika ufunguo wa maabara, atakuwa ameshapiga hatua mbili mbele ya wenzake.

Binti alikuwa kichwa. Sehemu za hadubini alizitaja kwa mpangilio huku akikosha vyombo, kioo cha chini, meza, lenzi, kama mtu anayeita majina ya ndugu zake. Mara kadhaa, wakiwa wawili tu jikoni, alimwomba mama mdogo amwonyeshe ya kweli, hata kwa dakika tano, hata bila kuigusa.

"Nikikuonyesha wewe watasema napendelea," Mama Funguo alimjibu. "Subiri na wenzako."

Wenzake nao walikuwa wakisubiri.

Mtihani wa mwisho ulipofika, maelekezo yaliletwa katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri, na ilikuwa kazi ya Mama Funguo kutayarisha kila kitu. Alichanganya asidi, akapanga bureti mezani zikisimama kama askari. Zilikuwa bado kama mpya, maana zilitoka kabatini kwa mtihani tu, mara moja kwa mwaka. Wanafunzi waliingia wakasimama mlangoni, wakazitazama, na mmoja aliuliza kwa sauti ya chini kama ndizo zile za ubaoni.

Yeye alikaa pembeni, tayari kuleta maji au kufuta kilichomwagika. Sheria ilikuwa asitamke neno. Aliona kijana mrefu kuliko wote darasani akiishika bureti kwa mikono miwili kama yai, jasho likimchuruzika. Aliona mwingine akifungua bomba lake mpaka mwisho, asidi ikamiminika yote, rangi aliyopaswa kuivizia ikapita asiione. Msichana mmoja alinyoosha mkono kuuliza namba zinasomwa kuanzia juu au chini. Msimamizi, aliyetoka shule nyingine, akasema hakuna maswali. Hakuna kilichovunjika siku hiyo. Waliogopa mno kuweza kuvunja.

Kesho yake ilikuwa biolojia. Kwenye vipande vya kioo, Mama Funguo mwenyewe alikuwa ameweka ukungu wa mkate, nyuzi nyembamba zenye vichwa vyeusi, kama maelekezo yalivyotaka. Bibi Maswali alipangiwa meza ya pili, karibu na dirisha, hatua moja kutoka kiti cha mama yake mdogo. Alisogeza jicho kwenye hadubini. Akatulia. Akazungusha gurudumu la pembeni, akatulia tena. Mama Funguo alijua mara moja tatizo ni nini: kioo cha chini kilikuwa kimegeuzwa upande wa ukuta, hakipokei mwanga. Mtoto alikuwa akitazama giza. Kukigeuza ni kazi ya kidole kimoja, lakini kidole hicho lazima kiwe kimewahi kukigeuza.

Binti aliangalia kulia na kushoto, kisha akachukua penseli akaanza kuchora. Alichora vizuri, kwa utulivu wa mtu anayejua anachokifanya. Mama Funguo alipopita kukusanya vile vipande vya kioo, aliuona ule mchoro. Zilikuwa seli za kitunguu, zimepangwa kama matofali, kama zilivyo kwenye ukurasa wa kitabu.

Jioni hiyo binti alirudi nyumbani mwepesi. Alimwambia mama mdogo kwamba hadubini ile ilikuwa na giza kidogo, lakini alibahatika, kwa kuwa kitunguu anakijua kwa kichwa.

Mama Funguo aliinama juu ya jiko kana kwamba moto unazimika. Alisema, "Vizuri, mwanangu." Ndilo neno alilokuja kulijutia kuliko yote aliyowahi kusema. Miezi minne ya kusubiri matokeo alikaa nalo. Binti aliposhona mkoba wa kwendea chuoni, yeye ndiye aliyemshikia kitambaa.

Matokeo yalipotoka, Bibi Maswali alikuwa wa kwanza shuleni katika karatasi za nadharia. Katika vitendo alianguka, kama alivyoanguka karibu kila mtu, na chuo cha wapimaji kilikuwa hakichukui aliyeanguka katika vitendo. Binti hakulia. Alikaa kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba akiwa na kile kitabu, akaufungua ukurasa wa kitunguu, akauliza kama mtu anayejisemea, "Sasa kama hakikuwa kitunguu, kilikuwa nini?" Mama Funguo alikuwa nyuma yake na beseni la nguo. Aliingia ndani.

Mkuu wa shule aliitisha mkutano wa wazazi. Dada mkubwa alisafiri akaja, akaketi mstari wa mbele na kitambaa chake cha kichwa kilichopigwa pasi. Mkuu alieleza kwa huzuni kwamba shule haina vifaa vyake, kwamba vile vya mtihani viliazimwa, watoto wamesoma katika mazingira magumu, na kwamba barua ya kuomba msaada iko tayari. Wazazi waliguna kwa huruma. Fundi cherehani mmoja, aliyekuwa na watoto wawili katika darasa lile, alisema basi si kosa la mtu. Kisha Mama Funguo akaitwa mbele asome orodha ya vifaa vinavyohitajika. Karatasi alikuwa nayo. Alikuwa ameiandika mwenyewe usiku uliopita kwa agizo la mkuu.

Aliinua karatasi, akaishusha.

"Vifaa vipo," alisema.

Mkuu alikohoa, akasema pengine mama amechoka. Fundi cherehani akainuka taratibu.

"Vipo tangu lini?"

"Miaka tisa. Viko kwenye kabati langu. Nilikuwa naogopa visivunjike."

Hakuna aliyepaza sauti, na ingekuwa afadhali wangepaza. Walimtazama tu. Aliposhuka, alilazimika kupita mbele ya dada yake, na dada yake alikuwa akiangalia mikono yake mwenyewe iliyokuwa mapajani. Nje, chini ya kivuli cha ukuta, dada alimwambia neno moja tu kuhusu jambo hilo, tangu siku ile hadi leo.

"Mimi nilimleta kwako kwa sababu ya ule ufunguo."

Mkuu alihamishwa muhula uliofuata. Kila mwaka alikuwa ametia saini, hakuwa na pa kujificha. Mama Funguo alipewa barua ya onyo, akabakizwa kazini. Kufuli zilitolewa. Wiki ya kwanza ilivunjika mirija saba na bureti mbili, na kila kishindo kilimshtua moyo, akaenda na ufagio, akazoa. Mwalimu wa kemia alifundisha hadi sauti ikamkauka. Hakumsema vibaya Mama Funguo hata mara moja, ila alianza kumwita mama badala ya dada, kama mtu anayesogeza kiti chake mbali kidogo.

Bibi Maswali alirudi kurudia mtihani kama mtahiniwa wa nje. Mama mdogo alimwambia atamfundisha kila siku baada ya masomo, wao wawili tu. Binti alimshukuru kwa adabu, akasema atafundishwa na mwalimu, pamoja na wenzake. Alikaa nyuma, kati ya watoto aliowazidi umri. Alijifunza kugeuza kile kioo cha chini ndani ya dakika ya kwanza. Hakumwuliza mama yake mdogo swali lolote mwaka ule mzima, shuleni wala nyumbani, yeye aliyekuwa haachi kuuliza. Alifaulu, akaenda chuoni. Huandika salamu kila mwezi, fupi na safi, zisizokosa heshima.

Matokeo ya sayansi yalipanda. Miaka mitatu baadaye, kwenye mahafali, mkuu mpya, asiyeijua habari yote, alimpa Mama Funguo cheti cha utumishi bora. Alikipokea kwa sababu alishindwa kukikataa mbele za watu, akarudi kitini akakigeuza uso chini.

Lakini kinachomchoma zaidi ni mtaani. Wanafunzi wa ile miaka tisa wamemzunguka kila upande: huyu yuko dukani, yule anaziba pancha, wengine wana watoto mgongoni. Wanamsalimu vizuri. Mwezi uliopita, sokoni, muuza nyanya mmoja, aliyesoma hapo miaka ile, alimtambua, akamwongezea nyanya mbili juu ya fungu alilonunua. Akamsifu mbele ya wateja, akasema huyu mama alikuwa mkali, vifaa vya shule alivitunza kama mboni ya jicho, siku hizi watu wa namna hiyo hawapo.

"Vilikuwa vyenu," Mama Funguo alimwambia.

Mwanamke yule alicheka, akidhani ni unyenyekevu, akamgeukia mteja mwingine.