Hori Tupu la Fundi Sanga

Kabla sijaliona pango la Noeli, nilisikia nyundo ya fundi Sanga ikigonga kwenye ukumbi wa shule, na moyo wangu wa mwandishi ukagonga nayo. Jioni nikachungulia. Maria yupo, Yosefu yupo, hata punda yupo, lakini hori la kumlaza Mtoto Yesu tupu! Na ufunguo wa ukumbi alikuwa nao fundi peke yake.

Kesho yake, kwenye kikao cha wazazi cha kufunga mwaka, mimi, mwalimu mgeni, nilipewa kusoma habari za shule na tafakari ya Majilio niliyoiandika mwenyewe. Nilisoma kwa sauti ya kutetemeka, nikijipenda: "Mkono uliojenga pango ndio uliomwiba Mtoto!"

Wazazi wakamgeukia fundi, aliyekuja akitegemea kupewa kazi ya madawati mapya.

"Mwalimu," akauliza Sista mkuu, "kanisani kwenu Mbeya hamuwekagi pango?"

"Hatuwekagi, Sista."

"Majilio ni kungoja. Mtoto yuko kabatini kwangu mpaka mkesha wa Noeli."

Ukumbi ukaangua kicheko. Fundi hakucheka. Akachukua nyundo yake, akaelekea mlangoni.

"Fundi, na madawati yetu?" Sista akaita.

"Mpeni mwalimu ayaandike."

Akatoka, akaufunga mlango taratibu.